Safari ya Bibi Hadi Kwenye Lori

Juzi mjukuu wangu alikuwa barazani akikariri Kiingereza, akafika kwenye neno go. Alilitamka amekaa, miguu imetulia. Nikacheka peke yangu.

Sisi, rafiki yangu, hatukufundishwa neno hilo tukiwa tumekaa. Pale shuleni Mugoma mwalimu wetu wa darasa la tatu alitaka ulitamke ukitembea. Unatoka kwenye dawati, darasa zima linakuuliza unafanya nini, nawe unajibu huku unakwenda: "I am going to the door." Ukisimama kabla ya kufika mlangoni, unarudi na kuanza upya. Jioni nyumbani nilimchezesha Bibi yangu mchezo huo jikoni, naye akimenya ndizi. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Mwaka wa kuhamia kijiji cha ujamaa, lori lilikuja kuchukua vyombo vyetu. Paa tulikwisha kuliezua, maharage yamepakiwa. Bibi akakaa migombani kando ya kaburi la Babu, akagoma kunyanyuka.

"Mama, dereva anasubiri," Baba alisema.

"Basi ahamie yeye. Mimi nina mtu wangu hapa."

Baba alimbembeleza hadi sauti ikamkauka. Niliogopa tungemwacha, na wingu la mvua lilikuwa limetanda. Nikaomba kimoyomoyo, kisha nikasimama mbele yake kama mwalimu.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimekaa. Huoni?"

"Hilo silo jibu, Bibi."

Alinitazama, akatabasamu. Aling'oa chipukizi la mgomba pembeni mwa kaburi, akalifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, akanishika mkono.

"I am going," akasema, akapiga hatua moja. Nikauliza tena. "I am going."

Katikati ya njia alisimama, akageuka nyuma. Akanibana vidole.

"Si nimesimama? Tuanze upya."

Tukarudi mpaka kaburini. Akaugusa udongo wake. Mara ya pili hakusimama hadi kwenye lori.

Bibi amekwisha kwenda kwa Muumba wake, na Baba pia. Migomba iliyotokana na chipukizi lile ilimalizwa na ugonjwa wa mnyauko, na kaburi la Babu sasa limo ndani ya shamba la watu nisiowajua. Namshukuru Mungu kwa yote. Nikipita huko husimama kidogo, narudi nyuma hatua chache, kisha naanza upya.