Kabichi Iliyomwondoa Mama Mdogo

Jambo zima liligharimu sufuria moja kubwa, galoni la maziwa na mke mmoja wa baba yangu mdogo. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili na haibadiliki. Sufuria tulinunua nyingine. Maziwa, ng'ombe alitoa mengine kesho yake. Ni huyo wa tatu aliyenifanya nikae chini niandike.

Harufu ndiyo inayonijia kwanza. Kabichi ikichemka na magadi kwa muda mrefu haibaki kabichi. Inanuka kama shati lililoloweshwa likasahauliwa. Kule kwa Bibi, mlimani juu ya Tengeru, ungeipata harufu hiyo tangu kona ya chini ambako migomba inaanza, kabla hujaona bati wala kusikia mbuzi. Nilipelekwa huko msimu mmoja wa masika kwa sababu mama alikuwa amejifungua mapacha, na chumba chetu cha kupanga mjini, Kaloleni, kilikuwa kimejaa kabla yao. Nilikuwa na umri wa kutumwa dukani bila kuandikiwa, ila si wa kuulizwa maoni. Mvua ilinyesha kila siku, kahawa iliangusha maua, na mimi nilishinda jikoni kwa Bibi kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto, macho yakiniwasha kwa moshi, nikitazama mboga zikiuawa polepole.

Bibi alikuwa na namna moja tu ya kupika mboga, na aliiita ya ukoo. Kabichi, karoti, figiri, chochote chenye jani au mzizi kilikatwakatwa, kikatumbukizwa kwenye maji mengi yenye magadi, kikachemka muda wa ibada nzima pamoja na matangazo yake. Maji yalimwagwa. Kilichobaki kilipondwa kwa mwiko mpaka usijue karoti iliishia wapi, kisha kikaunganishwa na maziwa na unga wa ngano ulioyeyushwa, kikawa uji mzito wenye rangi ya ukuta wa zahanati. Ulikula bila meno kupata kazi. Bibi alisema mwanamke asiyeweza kuufikisha ulaini ule hajaingia bado katika nyumba yetu, na aliposema hivyo alikuwa akimwangalia mama mdogo Aneth.

Aneth aliolewa na baba mdogo Krismasi iliyotangulia. Alikuwa mtoto wa Kaloleni kama mimi, na huko mkaa ulinunuliwa kwa kopo, kwa hiyo mboga ilipikwa kwa haraka ya mtu anayeona pesa zikigeuka majivu. Alikata kabichi nyembamba kama uzi, akaigeuza kwenye mafuta, akaipua ikiwa bado inang'aa. Kwangu ilikuwa mboga tamu. Kwa Bibi ilikuwa kesi. Alichukua uzi mmoja wa kabichi, akautafuna polepole ukalia, akawauliza waliokuwepo, "Mmesikia?" Kisha alibeba bakuli lote, akalimwaga kwenye hori la ng'ombe, akarudi na kutuambia kwamba walau yule aliyepikiwa ameshakula. Tangu siku hiyo alimbandika Aneth jina la "mtu wa mkaa". Asubuhi Aneth alipopiga goti na kusema shikamoo mama, jibu lilikuwa marahaba, kuni ziko nje. Baba mdogo alikula chochote kilichowekwa mbele yake, kibichi au kilichopondeka, na hakuwahi kusema kipi kilimpendeza. Alikuwa mume wa bei rahisi sana kumlisha na wa bei ghali sana kumtegemea.

Sasa niseme kwa nini Aneth hakujipikia tu kwake. Jiko lake lilikuwepo. Baba mdogo alilijenga kwa mabanzi upande wa pili wa uwanja, na mafiga matatu yalikuwa yameshapangwa ndani. Ila kwetu mke mpya hawashi moto wake kwa kiberiti. Mama mkwe ndiye anayetoa kijinga cha moto kutoka mafigani kwake, anauvuka uwanja nacho watu wakiona, anakiweka mwenyewe. Kabla ya siku hiyo unapika kwenye moto wa mwenzako, chini ya macho yake, na hata ukizaa watoto utahesabiwa mgeni aliyechelewa kuondoka. Aneth aliutaka moto ule kuliko nguo, kuliko kwenda kwao kusalimia. Basi alijifunza. Aliungua vidole, akaunguza maziwa, akazoea magadi yaliyompasua ngozi ya viganja, na mvua zilipoanza kupungua alikuwa anautoa uji ule laini kabisa. Bibi aliuonja, akaonja tena. Baadaye akatangaza kwamba jumuiya ya kanisa ikija kusali kwetu, Aneth ndiye atakayepika, na akina mama wakila wakashiba, kijinga kitavuka uwanja siku hiyo hiyo.

Wiki ile nilimsaidia Aneth kufagia jiko jipya. Alipanga kuni ukutani kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, kama anayeziuza. Alikuwa akiimba. "Wewe ndiye mgeni wangu wa kwanza," aliniambia. "Nitakupikia chai. Haina kuponda, haina magadi, chai tu."

Siku ikafika. Akina mama walisali, wakaimba tenzi zao, wakakaa kwenye mabenchi na sahani mapajani. Walikula. Niliwaangalia midomo mmoja mmoja, nikarudia, na hakuna aliyeacha. Miongoni mwao alikuwepo Mama Elifasi, rafiki wa Bibi tangu usichana wao, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya korongo. Alilamba kijiko, akakigeuza, akatabasamu.

"Mama Elia," alimwambia Bibi, "kumbe hii bado unaipika? Hii si ile ya memsabu?"

Bibi alisema hiyo ni mboga ya ukoo.

"Ukoo gani? Mama mkwe wako kabichi hakuijua hata kwa jina. Hii tumeitoa mimi na wewe jikoni kwa yule mzungu wa shamba la kahawa, aliyekuwa anaweka meno yake kwenye glasi. Hakuwa na cha kutafunia, tukawa tunampikia ufizi. Umesahau alivyotupiga na mwiko siku karoti ilipobaki ngumu?"

Hakuwa na nia ya kumwokoa mtu. Alikuwa anataniana na rafiki yake, na utani wao ulikuwa wa kukatana. Benchi zima lilicheka, wengine mpaka wakaweka sahani chini. Na Aneth, aliyesimama mlangoni na upawa, naye alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, aliwahi kukiziba kwa kiganja, lakini kilikuwa kimeshatoka. Nadhani alikuwa anacheka vidole vyake mwenyewe, miezi yote ile, kwa ajili ya ufizi wa mtu asiyemjua. Wengine wote walikuwa na ruhusa ya kucheka. Yeye tu hakuwa nayo.

Bibi aliinuka, akaingia jikoni, na akina mama wakadhani anakwenda kuchukua kijinga. Aliinamisha sufuria nzima iliyokuwa mafigani, uji wote na maziwa yake, juu ya moto. Mvuke ulitoka mlangoni kama nyumba inaungua. Alipoiachia sufuria ilipiga figa ikapasuka ubavu, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Sasa sina moto," alisema. "Anayeutaka akauombe kwa aliyemchekesha."

Mama Elifasi aliaga mapema, akisema mvua inakuja. Hakukuwa na mvua. Asubuhi yake Aneth aliondoka, na baba mdogo alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amembebea begi, jambo pekee nililomwona akimfanyia msimu ule wote. Bibi alimpigia kelele mwanawe kutoka uwanjani kwamba akirudi apitie kwa jirani amletee moto. Akaupitia. Jiko la mabanzi liliwekwa kuku, na kuni zilizopangwa vizuri vile tulizipikia sisi.

Leo nauza mboga Sokon One, nazikata hapo hapo na kufungia watu kwenye mifuko. Wateja wangu wanataka kabichi inayolia mdomoni. Wakiiona imelegea wanaomba punguzo. Moto siku hizi unauzwa kwenye mtungi, na bibi harusi anaingia kwa mume akiwa na moto wake, hamsubiri mtu avuke uwanja. Kwa hilo tumepata faida, nami si mwepesi wa kukubali faida. Baba mdogo ameshazikwa. Bibi ninaye mimi nyumbani kwangu Sombetini, hana jino hata moja, na kila siku nateketeza gesi kumlainishia karoti. Kama zamani zile zina mahali zilipoishia, zimeishia kwenye kinywa chake.

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye mvi alisimama mezani kwangu, akanibana bei mpaka nikamheshimu, kisha akaniita kwa jina langu la utotoni. Alikuwa Aneth. Ana mgahawa wake Kaloleni. Nilimwamkia, tukakaa kwenye ndoo. Hakutaka kujua mengi. Aliuliza kama Bibi yupo, nikasema yupo. Akasema tangu aondoke mlimani watu wa kwao na wa kwetu wamemjua kama mwanamke aliyefukuzwa kwa kutojua jiko, na mwanaume mwingine hakuja. "Sitaki kitu chenu," alisema. "Nataka aseme nilikuwa najua. Aseme wewe ukisikia, basi."

Nilirudi nikamuuliza Bibi. Anamkumbuka memsabu, anamkumbuka mbwa wake, rangi ya glasi ya meno anaikumbuka. Nikamtajia Aneth. Akafikiri kidogo, kwa adabu, kama unavyomfikiria mtu uliyepishana naye sokoni.

"Aneth yupi?" aliniuliza. "Anauza nini?"

Nilirudia jina mara ya pili, na la baba mdogo nikaliongeza. Aliomba maji.

Aneth anakuja Jumapili baada ya ibada, na nimeshamwelekeza njia. Ninyi mnaoishi na wazee ndani, mnaojua mambo haya kuliko mimi, nishaurini: nimwache aingie mpaka kitandani kwa Bibi ausikie huo mdomo ukimuuliza anauza nini, au nimpokee getini nimwambie kwamba Bibi alishasema kuwa alikuwa anajua, nami nilisikia?