Kustaafu Bila Kihamba

Siku tuliyoagwa pale hospitali ya serikali mjini Moshi tulikuwa wawili: mimi, muuguzi wa wodi ya wazazi, na mwenzangu, mwanamume wa chumba cha dawa. Wote tulikuwa tumetimiza miaka hamsini na tano, na sheria haikuuliza kama mikono bado ina nguvu. Mkuu wetu alisimama akasema kustaafu hakubagui, tena sasa Katiba yenyewe inasema binadamu wote ni sawa. Redio nayo ilikuwa hailali kwa habari hiyo. Kisha akatukabidhi kila mmoja jembe jipya, twende tukalime kwetu. Watu wakapiga makofi. Mwenzangu alikuwa na kihamba Mwika, shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake, migomba na kahawa vinamsubiri. Mimi nililishika jembe langu nikakaa. Nilikuwa nimechoka.

Kwetu binti harithi kihamba. Anaolewa, anakwenda kwenye migomba ya mumewe. Mimi sikuolewa. Nilikesha zamu, nikazalisha wake za watu, nikaishi nyumba ya serikali mpaka nikasahau kwamba si yangu. Sasa ilitakiwa mwisho wa mwezi. Muuguzi atakayehamia alikuwa ameshakuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Hakuwa na kosa lolote, lakini siku ile nilimchukia.

Nikapanda Kilema kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyebaki na nyumba ya baba. Kwenye mpaka wa shamba nikachuma jani la isale. Kwa Wachagga, aliyekukosea akija na isale huwezi kumfukuza. Sikuwa nimemkosea mtu, ila sikujua kitu kingine cha kubeba ambacho hakikataliwi.

Mdogo wangu alilipokea, akaligeuzageuza.

"Dada, umekosa nini?"

"Nimestaafu," nikasema.

Wifi alicheka kidogo, akaenda kuniletea maziwa ya mgando. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na habari za haki na usawa yeye ndiye aliyewaeleza majirani mikutanoni. Tulizunguka nyuma ya banda la ng'ombe, akanionyesha pa kujenga chumba kimoja. Nilitamani kulala palepale chini ya migomba.

"Utalima maharage, magimbi, chochote," akasema. "Ila kahawa usipande, dada. Watoto wangu wasije wakapata shida huko mbele."

Mti wa kahawa unakaa miaka mingi, na aliyeupanda huhesabiwa kuwa mwenye mahali. Nilimwelewa vizuri. Ile kahawa ya baba iliyotuzunguka niliipalilia mimi, yeye akiwa amelala mgongoni mwangu. Nikamwambia ahsante.