Spika Iliyogeukia Ukuta

Winfrida wa cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akishaanza kujiuliza jambo, hatulii mpaka alijue. Siku moja aliacha duka wazi pale Mwanga akamfuata muuza chumvi kwa miguu hadi karibu na Mwandiga, kisa na maana asubuhi alimwona anachechemea mguu wa kulia na mchana akamwona anachechemea wa kushoto. Kumbe kandambili za yule bwana hazikuwa jozi, moja nene na moja imelika, naye alikuwa akizibadilisha ili miguu yote ichoke sawa. Winfrida alirudi ameungua na jua, ameridhika kabisa.

Basi mtu wa namna hiyo ukimpangisha chumba kilichogusana ukuta na ukumbi wa dansi, umemtafutia kazi. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Maboti kutoka ng'ambo ya ziwa yalikuwa bado yanateremsha watu waliokimbia vita, na mabunda yao, na kila nyumba mjini ilikuwa na mgeni au ilikuwa na jirani mwenye mgeni. Nyuma ya duka la Winfrida bendi ya Nyota ya Bandari ilikuwa inafanya mazoezi kila alasiri. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, umepigwa lipu upande mmoja tu, na katika ukuta huo ulikuwa unapita wimbo.

Wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Winfrida alimchukulia mwimbaji kuwa mzee mnene anayeimba kafumba mdomo. Sauti ilikuwa ikipanda polepole, ikisita kidogo kana kwamba inatafuta mlango, halafu inateremka kwa njia nyingine kabisa. Aliupenda. Alishona kwa mwendo wake, mguu juu ya kanyagio la cherehani, mpaka akawa hajui tena kama ni yeye anayekanyaga au ni wimbo. Jirani yake Zaitun, aliyekuwa akichoma maandazi kibarazani mlango wa pili, naye aliunyaka, na wateja wake wakaunyaka kwake. Baada ya muda mtaa mzima ulikuwa unauguna, nao wakaupa jina: wimbo wa ukuta.

Alasiri moja Winfrida alishindwa kuvumilia. Aliacha sketi ya mtu haina pindo, akazunguka nyuma kwenda kumwona mzee mnene.

Hakumkuta. Aliyekuwa anaimba ni Abdulkarimu, kiongozi wa bendi, mtu mwembamba wa Ujiji mwenye sauti nyembamba, naye alikuwa anamlilia mwanamke fulani aliyemwacha. Wimbo mzuri, lakini si ule. Winfrida akakaa kwenye benchi akiusubiri wa kwake, asiusikie. Kilichokuwepo nyuma ya magitaa ni mngurumo tu, kama mashine ya kusaga ikisikika kutoka mtaa wa pili. Akatoka, akarudi dukani, akaweka sikio ukutani: wimbo ule pale. Akakimbia tena ukumbini: mngurumo. Alifanya safari hiyo mara kadhaa, na Zaitun, aliyekuwa anamtazama akipita na kurudi, akamuuliza kwa upole kama tumbo linamsumbua.

Mwishowe aliacha kutumia masikio akatumia macho. Nyuma kabisa, mgongo ukigusa ukuta wake, alikuwa amesimama kijana aliyevaa koti kubwa la mtu mwingine, ameshika besi, lile gitaa refu la nyuzi nne. Winfrida alianza kuuguna wimbo wake taratibu huku akimtazama vidole. Alipopanda, vidole vilipanda. Aliposita, vilisita. Basi mzee mnene alikuwa ni yule, na hakuwa mzee wala hakuwa mnene, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kweli.

Jina lake Feliksi. Alivuka kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, katika boti ya wafanyabiashara wa samaki, bila kitu chochote ila lile koti, ambalo nalo alipewa njiani. Wengi waliovuka naye walipelekwa kambi ya wakimbizi. Yeye alibaki mjini kwa sababu Abdulkarimu alimsikia akipiga, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kusema huyu ni mtu wangu, analala kwangu, anakula kwangu, anafanya kazi kwangu. Kwa neno hilo Feliksi aliendelea kuishi Mwanga. Kibali kingine hakuwa nacho.

Asubuhi iliyofuata alipita dukani. Alikwisha kujifunza kusalimia kwa Kiha, akasema "Mwakeye, mama," na Winfrida, ambaye ni Muha wa Mwandiga, alifurahi akamvutia kigoda. Kisha akambana. Wimbo ule kautoa wapi? Mbona haufuati wimbo wa Abdulkarimu? Mbona unaanza kabla mwenzake hajamaliza?

Feliksi alicheka, akamjibu kwa Kiswahili cha kwao. "Mama, miye siko naimba. Niko naitika."

Akamweleza. Kwao Baraka wanawake wakianika ndagala, yaani dagaa hawa hawa, hukaa makundi mawili mchangani. Upande mmoja kuna mwanzishaji, na huyo ndiye watu wanamjua, ndiye anayesifiwa. Upande wa pili kuna mwitikaji. Yeye harudii alichosema mwanzishaji. Anakuja na njia yake, na anaingia wakati mwenzake bado anavuta pumzi ya mwisho, ili pasiwe na ukimya katikati. Mwitikaji mzuri humfanya mwanzishaji aonekane hodari, na akimaliza kazi hakuna anayempigia makofi. Mama yake alikuwa mwitikaji. Ule wimbo wa ukuta ni wa mama yake, aliokuwa akiwaitikia watu wa pwani nzima.

Winfrida akamuuliza mama yuko wapi. Feliksi alitazama nje, akasema alimwacha anaanika. Kwa mara ya kwanza maishani Winfrida alikuwa na swali mdomoni na akalimeza.

Mwezi wa sita Abdulkarimu alileta kitambaa cha buluu chepesi, kizuri, kwa ajili ya mashati ya dansi la Saba Saba. Nyota ya Bandari walikuwa na desturi yao: asiye na sare hapandi jukwaani, hata awe nani. Akasema anataka mashati matano. Winfrida akasema nyinyi mko sita. Abdulkarimu akaanza kujikuna shavu.

Hakuwa mtu mbaya, na alilieleza jambo lenyewe kwa uchungu. Watu wanalalamika. Tangu Feliksi ashike besi, ukumbini hakueleweki kitu, ni uvumi mtupu unaomfunika mwimbaji. Amemwambia apige kwa kifupi, dumu dumu, kama wengine, naye anajaribu siku moja halafu anarudia mambo yake. Kwa hiyo Saba Saba besi atashika Leonardi, mpiga gitaa la kati. Winfrida akauliza, na Feliksi je? Abdulkarimu akasema hawezi kumdanganya mwenyekiti kwamba mtu ni wa bendi wakati si wa bendi. Maana yake ilikuwa kambini, na wote wawili walijua, na hakuna aliyelitaja neno hilo.

Winfrida alikata mashati matano. Alikata kwa ubahili ambao hakuwahi kuufanya kwa mteja, akigeuza kiolezo huku na huku, kola akizikata kwenye mabaki ya kwapani mwa mikono, mpaka kikabaki kipande cha kutosha shati la sita. Akalishona kimya kimya. Feliksi hakumpima kwa futi, alimpima kwa macho pale ukumbini, na mkono wa kushoto akauachia nafasi zaidi kwapani, kwa kuwa ndio unaonyooka kufuata shingo ya gitaa. Alipolimaliza alilikunja akaliweka chini ya kitambaa cha cherehani. Hakujua atalifanyia nini. Alijua tu kwamba mashati matano yalikuwa yanamkera.

Siku ya kujaribisha, Abdulkarimu alisimama katikati ya duka, mikono ameitanua, shati limejaa pini. Mtu aliyejaa pini hana pa kwenda, na mtu aliyezoea kuimba akikosa pa kwenda huimba. Akaanza kumlilia yule mwanamke aliyemwacha. Winfrida, pini nyingine mdomoni, akaendelea na mazoea yake ya kila siku: akauguna wimbo wa ukuta.

Abdulkarimu aliimba ubeti mmoja. Katika wa pili alipunguza sauti, na Winfrida alipoingia kabla hajamaliza, akafumba macho. Ubeti ulipokwisha akauliza, "Fundi, hiyo umeitoa wapi?"

"Ukutani," alisema Winfrida.

Upande wa pili Feliksi alikuwa anajipigia peke yake, akingoja wenzake. Abdulkarimu akaegesha sikio kwenye matofali, kati ya gauni la mtu na suti ya mtu, akasikiliza. Aliposhtuka alikuwa amekwisha kutoka mlangoni na pini zake zote, Winfrida nyuma yake anamlilia pini, Zaitun nyuma ya Winfrida na upawa wa maandazi mkononi.

Ukumbini alisimama mbele ya spika ya besi. Au tuseme nyuma yake, maana uso wa spika ulikuwa umebanwa ukutani. Na aliyeubana ni yeye mwenyewe. Mwaka uliopita mbuzi wa jirani aliingia akaula kitambaa cha mbele mpaka utumbo wote wa spika ukawa nje, na Abdulkarimu, anayeona aibu hata kifungo kikipungua, akaigeuza ili watu wasiione. Kisha akasahau. Tangu hapo besi ilikuwa inaimba kwenye duka la fundi, na ukumbi ulikuwa unapata mwangwi.

Akamuuliza Feliksi kwa nini hakusema, mtu gani anapiga muziki kwa ukuta miezi yote hiyo. Feliksi aliinamisha kichwa. "Miye ni mugeni, baba. Niliikuta vile. Nilizani kwenu ndiyo desturi." Ndiyo maana alikuwa akisimama pale ukutani, ili japo yeye ajisikie.

Abdulkarimu alikaa chini, na pini mojawapo ikamkumbusha kwamba zipo. Alikuwa tayari kumfukuza mtu mjini kwa kosa la mbuzi, na uso wake ulionyesha kwamba amelifahamu hilo. Waliigeuza spika, wakasikiliza, na Zaitun akasema, "Kumbe ni huyu," akarudi kwenye mafuta yake yaliyokuwa yanaungua.

Shida ikabaki moja. Saba Saba ilikuwa kesho kutwa, na Abdulkarimu, hata baada ya yote, alisema hawezi kupandisha jukwaani kitu kilichotumbuka mbele ya watu wa mji mzima. Ifunikwe kwa kitambaa cha sare, au basi irudi ukutani. Kitambaa kile hakikuwepo tena sokoni, Winfrida alikwishauliza. Akaenda dukani akarudi na shati la sita, akalitandika mezani. Hakupamba maneno. Alisema hili ni la Feliksi, nimelishona mwenyewe, na kitambaa kingine hakuna.

Feliksi alivua koti akalivaa. Lilimkaa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaukunja, akaunyoosha tena, akashangaa kwapa halimbani. Tangu avuke hakuwahi kuvaa kitu kilichoshonwa kwa ajili yake, na alisimama nalo kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kipimo, akipapasa mfuko wa kifuani. Halafu akafungua vifungo kimoja kimoja, akalikunja vizuri, akampa Winfrida.

"Kata, mama," akasema.

Winfrida alikata. Amekata nguo nyingi za watu maishani, za arusi na za msiba, na hakuna mkasi uliowahi kumuuma mkononi kama ule. Aliliunga shati lote, mgongo kwa kifua, likawa kitambaa kimoja cha kufunika uso wa spika, na mfuko hakuufumua.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa. Vijana watano walipanda wakiwa wamependeza, buluu tupu, na nyuma yao mmoja na koti lake kubwa, na watu wakaanza kunong'ona kwamba Abdulkarimu leo kavunja sheria yake. Kisha muziki ukaanza, na mtaa mzima wa Winfrida, waliokuwa wamesimama kwenye kona yao, wakageuziana nyuso. Wimbo wa ukuta ulikuwa unatoka mbele. Ulikuwa unaingia kabla Abdulkarimu hajamaliza, ukimshika, ukimpandisha, na hakuna aliyewahi kumsikia akiimba vizuri namna ile.

Ulipofika wakati wa kuwatambulisha wapigaji, Abdulkarimu alimshika kila mmoja begani na kumtaja, watu wakishangilia. Alipofika kwa Feliksi mtu mmoja karibu na jukwaa akapaza sauti kwamba huyo hana shati.

"Analo," Abdulkarimu alisema, akaonyesha ile spika, buluu, yenye mfuko kifuani. "Lile pale. Ameivalisha besi." Kisha akasogea pembeni na kuwaashiria wengine wanyamaze.

Feliksi alibaki anapiga peke yake, bila mtu wa kumwitikia. Kona ya Winfrida ikaanza kuuguna pamoja naye, Zaitun kwanza, halafu wote, wakiujua mpaka mwisho, na ulipokwisha wakampigia makofi. Feliksi alisikiliza makofi yale akiwa ameelekea upande wa ziwa, na Winfrida, aliyekuwa anatazama kila kitu kama kawaida yake, hakuhitaji kumuuliza anayapeleka kwa nani.