Gari Lililoondoka Bila Ufunguo

Gari langu linaongea. Kila nikiliwasha, sauti ya mwanamke inatoa maneno ya Kijapani, ya upole kabisa, halafu inanyamaza, na mpaka leo sijapata mtu Tunduma nzima wa kuniambia anasema nini. Wateja wangu wa Nakonde, wanaovuka mpaka kuja kuchukua vitenge dukani kwangu, humwitikia "mukwai," neno lao la adabu, kwa heshima zote. Mmoja aliwahi kusema hapana shaka mama huyo ananiuliza nimeamkaje. Basi mimi humjibu kuwa nimeamka salama. Nalipenda gari hili mno, na nalisema mapema ili asiwepo wa kutarajia hukumu ya haki kutoka kwangu.

Linajua mvua ikianza na linawasha waipa lenyewe. Linajua giza likiingia. Nikirudi nyuma linanionyesha kwenye kioo kidogo kila kilichoko nyuma yangu, hata kuku. Viti vyake vinatoa joto, na anayeijua baridi ya Vwawa mwezi wa sita ataelewa kwa nini siku ya kwanza nilikaa ndani muda mrefu bila kwenda popote. Halafu halina tundu la ufunguo. Ufunguo wenyewe ni kidude cheusi, kama kipande cha sabuni iliyotumika. Uweke mfukoni, uweke kwenye pochi, ilimradi uko ndani ya gari unabonyeza kitufe na injini inawaka. Unaweza kukaa mwezi mzima hujaugusa.

Baba hakulipenda tangu lilipoingia uani kwake Isansa. Yeye ana pikapu yake, iliyobeba kahawa yetu tangu sijaanza shule, na ndani yake hakuna kinachowaka ila taa za mbele, tena mojawapo kwa kubembelezwa.

"Gari ni injini na breki," aliniambia huku akilizunguka langu mikono nyuma. "Hivi vingine vyote umenunua vitu vya kuharibika."

Kinachoniuma ni kwamba vilikuwa vinaharibika kweli. Panya walitafuna nyaya nikiwa nimelala kwake siku mbili tu. Siku nyingine, karibu na Mlowo, taa ya njano iliwaka na gari likagoma kukimbia, likawa linatambaa mpaka baiskeli za mkaa zikanipita na wenyewe wakanipungia mkono. Fundi alikuja na kompyuta yake, akachomeka waya chini ya usukani, akasema ni sensa moja tu imedanganya. Baba alipoisikia habari hiyo alifurahi kuliko siku ya Krismasi.

"Pikapu yangu haijawahi kunidanganya," alisema.

"Haijawahi hata kukuambia ukweli, Baba. Mshale wa mafuta umekufa zamani, unapima tangi kwa kijiti."

"Na kijiti hakihitaji kompyuta."

Tuliendelea hivyo kila nilipokwenda kumwona, na ninakiri tulikuwa tunafurahi. Baba na mimi tuna damu moja ya kupenda mabishano. Aliapa tu kwamba yeye, kwa akili zake timamu, hatapanda gari linalomsemesha mtu ambaye halimjui.

Kisha mdogo wangu wa mwisho akapata mchumba, na ubishi ukapata uwanja.

Harusi iliangukia Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresma. Kwetu ndoa hazifungwi Kwaresma, na bwana harusi anafanya kazi kwenye migodi ya Zambia. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache, na akishavuka mpaka hakuna anayejua lini watamruhusu tena. Mchungaji wa kanisa la pale Mbozi Mission alikuwa na ndoa nyingine mbele yetu na safari baada yetu. Alitutumia neno bila kuzunguka: msipofika saa nane mchana, tutaonana baada ya Pasaka. Na ilikuwa Februari, mvua imekolea, barabara ya kutoka kwetu ni tope jekundu linalovua watu viatu.

Baba alitaka bibi harusi aende kwa pikapu, maana inaijua njia. Mimi nilisema mdogo wangu hataolewa akinuka dizeli. Tulipandishiana sauti mpaka majirani wakasogea uzioni, wenye haya wakijifanya wanatafuta kuku. Mwenyewe bibi harusi alimaliza kesi. "Gauni ni jeupe," alisema, "nitapanda la dada." Nikatamba uani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Baba akasema yeye atafuata nyuma na pikapu, abebe kwaya na sufuria, kwa sababu lazima awepo mtu wa kutuvuta.

Sasa nieleze jambo la shangazi. Katika ukoo wetu gari la bibi harusi haliondoki mpaka shangazi atoe ufunguo. Asubuhi dereva anamkabidhi, yeye anaufunga kwenye pindo la kitenge chake, na unakaa humo mpaka amuage binti mbele ya watu wote, amwambie anayotaka kumwambia, hata kama ni saa nzima. Ndipo anafungua fundo. Ni dawa ya madereva wenye haraka na wakwe wenye haraka zaidi. Na shangazi yetu, dada yake Baba, siku ile alikuwa anamuaga mtoto wake mwenyewe, kwa sababu mama yetu alifariki huyu mdogo akiwa bado wa mgongoni, na shangazi ndiye aliyembeba toka hapo.

Nilimkabidhi ufunguo asubuhi na mapema. Akaugeuza geuza, akauliza kama umekatika, akaufunga kwenye kitenge.

Saa ya kuondoka ilipofika uwanja mzima ulikuwa unaruka. Ngoma, kwaya, vigelegele, watu wanapunga majani mbele ya boneti. Shangazi alikuwa ameingia kiti cha nyuma kumpanga bibi harusi na shela lake, na mimi, kwa furaha, nikakaa kwenye usukani nikabonyeza kitufe kama ninavyokibonyeza kila siku ya Mungu. Injini ikawaka, maana ufunguo ulikuwa ndani, kwenye pindo la kitenge, nyuma ya kisogo changu. Mama wa Kijapani akasema yake. Shangazi akashuka, kumbe ili asimame mbele ya watu aanze kuaga. Watu waliposikia injini inanguruma walidhani ameshatoa ufunguo. Mimi nilipoona wametupisha nilidhani ameshamaliza. Nikaondoa gari.

Lilipiga kelele, sikatai. Pii, pii, pii, na maandishi mekundu ya Kijapani kwenye dashibodi. Lakini gari lile linapiga kelele kwa kila jambo. Liliwahi kupiga kelele njia nzima kwa sababu jogoo niliyemweka kiti cha mbele hakufunga mkanda. Vigelegele vilikuwa vikali zaidi. Nikapiga honi nikaimba.

Tuliteleza vizuri hadi chini ya kilima cha mwisho, kile kinachotokea kwenye barabara kubwa. Pale lori la mbolea lilikuwa limelala mshazari, vijana wanalisukuma. Nikazima injini, mafuta yasiende bure. Lori lilipotoka nikabonyeza kitufe.

Kimya. Pii moja, na picha ndogo ya ufunguo iliyokatwa mstari mwekundu.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza huku nimefunga macho. Msimamizi wa bibi harusi, rafiki yake wa tangu shule, akauliza taratibu kama ufunguo ninao. Nikampigia shangazi.

"Ufunguo ninao mimi hapa," alisema. "Ninyi mmeondoka na nini?"

Mdogo wangu alitazama saa ya simu, akaanza kulia bila sauti, kwa uangalifu, ili asiharibu poda. Nilichukia. Nililichukia gari na kitufe chake, na zaidi nikamchukia Baba, ambaye wakati ule alikuwa bado hajasema neno. Pikapu ingebaki imezima uani kama gogo bila ufunguo wake, na shangazi angeaga kwa raha zake. Hilo ndilo lililonikata maini.

Walifika mvua inaanza. Pikapu ilikuja inafuka moshi, kwaya nyuma, shangazi mbele ameshika viatu mkononi. Alipolikaribia gari langu, vioo vya pembeni vikafunguka vyenyewe na taa zikapepesa, kama mbuzi anayesikia hatua za mwenye nyumba. Kwaya ikacheka. Mimi nikanyoosha mkono.

Shangazi akanipita.

"Shangazi, tumechelewa. Tafadhali."

"Sijamuaga," alisema.

Akafungua mlango wa nyuma, akasimama kwenye tope miguu mitupu, akafungua fundo. Ufunguo akamwekea bibi harusi kiganjani, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. "Hukuwa mzigo," akamwambia. "Watu walikuwa wananionea huruma, wanasema nimebebeshwa mtoto. Hukuwa mzigo hata siku moja. Nenda." Mdogo wangu akalia sasa kwa sauti na poda ikaenda. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha nasoma kibao cha lori lisilokuwepo tena.

Nitasema hivi, na nimemwambia Baba mara nyingi: gari halikuharibika. Siku ile sote tulisahau kumsubiri shangazi, mimi dereva, kwaya, uwanja mzima. Gari peke yake lilikumbuka, likatupigia kelele kwa lugha yake, na lilipopata nafasi likagoma mpaka shangazi atoe ufunguo. Baba hujibu kuwa mtu mwenye akili angegomea uani, siyo chini ya kilima. Hapo ana haki.

Lakini kilima nacho kilikuwa na la kusema. Baba alitangulia, kwa kiburi, honi juu. Katikati ya mwinuko pikapu ilianza kuchezesha makalio, magurudumu yakachimba, na taratibu, bila ugomvi, ikarudi kinyumenyume ikajilaza mtaroni. Hakuna aliyeumia, kwaya ilishuka ikiwa bado inaimba. Nami nikakanyaga mafuta. Jamani, laiti mngelisikia. Taa ya gari linaloteleza ikawaka kwenye dashibodi, na chini nikasikia tk-tk-tk, breki zinashika gurudumu moja moja, zinaachia, zinashika, kitu ambacho mguu wa binadamu hauwezi. Pua ilikuwa inataka kwenda shambani nalo linairudisha. Nilikuwa nimeng'ang'ania usukani napiga kelele za furaha, msimamizi anapiga kelele za woga, tukapanda mpaka juu.

Nikasimama juu, injini nikaiacha iendelee kuwaka. Shangazi alitufikia kwanza, kwa miguu, akaingia nyuma. Nyuma yake Baba alikuwa anapanda polepole, suti yake ina tope hadi magotini. Akasimama mlangoni. Tukatazamana kupitia kioo.

"Baba, panda," alisema mdogo wangu kutoka nyuma. "Nitaingiaje peke yangu?"

Akapanda. Gari likaanza kupiga kelele.

"Linataka nini?"

"Ufunge mkanda."

Alifunga. Kelele zikakoma, naye akaitazama dashibodi kwa muda, akatikisa kichwa. "Lina amri kama marehemu mama yenu," alisema.

Tulipoingia Mbozi Mission mchungaji alikuwa amekwisha kuvua joho, amelikunja mkononi, anafungua mlango wa gari lake. Bwana harusi alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa amejishika kichwa. Nilipiga honi mpaka mkono ukaniuma. Mchungaji alitutazama tunavyoshuka, shela limelowa, baba mtu ana tope, shangazi hana viatu. Akalikunjua joho akalivaa tena, palepale uani.

Ndani kulikuwa na watu wachache na hakukuwa na kwaya, kwa sababu kwaya ilikuwa mtaroni inasukuma pikapu. Baba alimshika mdogo wangu mkono wakatembea hadi mbele, na kila hatua yake iliacha alama nyekundu sakafuni. Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Neno la kujibu hapo ni moja, "mimi," na Baba alikuwa amelifanyia mazoezi mwezi mzima mbele ya ng'ombe. Akamwachia bibi harusi mkono, akarudi benchi la tatu alikokuwa amekaa dada yake anaficha miguu yake chini ya kitenge, akamwinua na kumpeleka mbele.

"Huyu hapa ndiye anayemtoa," alisema. "Mimi nilikuwa dereva tu."