Bomba Linalovuja Uani kwa Mjomba

Kijana aliyepanga chumba kwa jirani yangu hapa Lindi ana bodaboda, na mimi na bodaboda hiyo hatupatani. Kila asubuhi anaiwasha chini ya dirisha langu, inakohoa, inapasuka, mpaka vikombe vinagongana kabatini. Juzi nilifunga kanga kiunoni nikatoka nimgombeze. Nikamkuta amechuchumaa, bomba la moshi kalifungua, anapaka gundi nyekundu pale linapoungana na injini.

"Shikamoo bibi. Nalifunga lisivuje, litanyamaza."

Nilikuwa na maneno makali ya kutosha mtaa mzima, yakanikauka mdomoni. Niliitikia marahaba, nikarudi ndani, nikaketi. Maana wewe, rafiki yangu, huyajui haya. Kwetu tuligawanyika kwa sababu ya maungio kama yale, na udongo uliopakwa hapo ni mimi niliyeutwanga.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mtoto wa kutumwa maji na kuchunga kuku. Tuliishi kijijini, upande wa Mtama, kwenye ua wa kina mama. Siku zile kwetu sisi Wamwera mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na mwenye sauti juu ya watoto si baba, ni mjomba. Mjomba wetu alikuwa kaka mkubwa wa mama, mrefu, mkavu, mtu wa swala tano na mikorosho mingi. Baba alikuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa Kilwa, mchuuzi wa ng'onda. Alichukua samaki wakavu Lindi akaja kuuza bara, na harufu yao ilimganda kama ngozi ya pili.

Hawakupendana hata siku moja. Mjomba hakumwita shemeji. Alimwita "yule wa samaki", hata baba akiwa ameketi mbele yake. Baba akiinuka kwenye jamvi, mjomba alimwita mtoto alikung'ute. Baba naye hakuwa bubu. Akiwa chumbani na mama alimwita mjomba "Liwali wa mabibo" kwa ile mikorosho yake, akacheka peke yake. Mama hakucheka. Mama alikuwa akisonga ugali wa muhogo, akitwanga kisamvu, akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, uso umefungwa kama duka siku ya Idi, na sisi watoto, mimi na kaka yangu, tulijifunza mapema kutouliza kitu.

Wazungu wa mradi wa karanga kule Nachingwea walipofunga virago, vitu vyao vingi viliuzwa kwa yeyote. Baba akaachana na baiskeli, akaja na pikipiki. Injini yake ilikuwa ya ile aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wa buluu, mzito, wa kung'ang'ania nguo. Mama alifua kanga, zikaanikwa, pikipiki ikapita, akazifua tena. Ubaya wake hasa ulikuwa pale bomba la moshi linapoingia kwenye injini. Palikuwa na nati kubwa ya duara, na meno yake yalikuwa yamelika. Moshi ulitokea pembeni, oili nyeusi ikachuruzika, na baba alipoachia mafuta akiteremka kilima cha kwetu, lilipasuka: pa! Kisha tena, pa!

Mtu mwingine angeziba masikio, yakaisha. Bibi, mama yao mama na mjomba, hakuweza. Alikuwa msichana mdogo vita vya Maji Maji vilipofika kwao. Nyumba zao zilichomwa na askari wa Mjerumani, wakaishi porini wakila mizizi. Hakupenda kusimulia. Alisema tu, "Bunduki haina hodi." Basi pikipiki ilipopasuka kwa mara ya kwanza, bibi alitupa ungo, mbaazi zikamwagika uani, akanishika mkono akaniingiza mvunguni mwa kitanda. Alinilalia juu. Alinuka ugoro na jasho. Nilipotaka kulia, alinifumba mdomo kwa kiganja chake chote, akaninong'oneza, "Nyamaza, wanapita." Alama za kucha zake zilikaa mkononi mwangu mpaka magamba yalipobanduka yenyewe.

Mjomba alitoka na panga.

"Unamuua mama yangu!"

"Ni bomba linavuja, si bunduki," alisema baba.

"Nikiusikia tena mlio huo uani kwangu, chuma chako nitakitumbukiza kisimani, na wewe utarudi Kilwa. Watoto watabaki hapa, kwa wenyewe."

Baba alisimama na helmeti yake mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. Mama alikuwa mlangoni, akimtazama mmoja, akamgeukia mwingine.

Kesho yake baba aliniambia nimfuate kwenye kichuguu nyuma ya choo. Tulichimba udongo wa ndani kabisa, ule mwekundu ulio laini kama unga. Mama alikataa kinu chake kisiguswe, kwa hiyo niliutwanga kwenye kinu kibovu kilichopasuka ubavu, nikauchekecha kwa kitambaa. Baba aliuchanganya na jivu la mkorosho na ute wa mayai, ambayo ilibidi niyaombe kwa bibi bila kumwambia ya nini. Kisha alifungua ile nati, akakwangua masizi magumu kama kaa la mawe, akapasugua kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa.

"Mafuta ni adui wa udongo," aliniambia. "Ukiacha tone moja, haushiki."

Alizungusha waya mwembamba wa shaba, akapaka udongo, akakaza nati, akapaka tena kwa nje kwa kidole, taratibu, kama mwanamke anayesiliba jiko. Tukauacha ukauke kivulini. Ulipokauka aliwasha injini kwa sauti ya chini, ikapata joto, akaizima, akakaza tena. Alipoiwasha mara ya pili ilisema tu-tu-tu, kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Baba alinitazama akatabasamu. Bibi alikuwa barazani akichambua mchele, na hakuinua kichwa.

Ungedhani amani ilikuja. Wapi! Ulikuja ukimya, nao ulikuwa mbaya kuliko kelele. Mjomba alikuwa amekoseshwa sababu, na mtu aliyekoseshwa sababu hutafuta nyingine. Akasema moshi unakausha mikorosho. Akasema kuku hawatagi. Kwenye chakula alitema mfupa wa samaki karibu na mguu wa baba, akaomba radhi kwa Kiarabu. Baba alizidi kutuliza. Kabla ya hapo alikuwa akimwahidi mama kuwa watahama, atapanga chumba Lindi, karibu na soko la samaki. Pikipiki iliponyamaza na ahadi ikanyamaza. Nilimsikia akimwambia mama, "Tutazoea tu, mke wangu. Si unaona sasa kumetulia?" Mama alikuwa akishona mkeka. Alivuta uzi kwa nguvu hadi ukakatika.

Ijumaa moja wanaume walirudi kutoka msikitini. Baba alikuwa na mzigo wa kupeleka Mtama, akapanda pikipiki, akaipiga teke. Ikapasuka hapo hapo katikati ya ua. Pa! Ikapasuka tena. Nilimwona bibi akianguka kutoka barazani kwa magoti, akatambaa kuingia ndani, kanga imemvuka begani, na mara hii hakukuwa na mtoto karibu wa kumshika. Alikuwa akishikashika hewa.

Baba alizima, akainama. Udongo ulikuwa umechokonolewa pande zote, mikwaruzo myembamba inaonekana wazi. Aliinuka akaenda moja kwa moja hadi kwa mjomba.

"Umelichokonoa wewe!"

"Mimi? Natoka kusali!"

"Umelichokonoa ili upate kunifukuza. Mwongo mkubwa!"

Mjomba alidaka mpini wa jembe. Baba akadaka kola ya kanzu yake, nikasikia ikichanika. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio, na hakuna aliyeingia. Walikuwa wakiingoja siku hiyo muda mrefu. Mjomba alikuwa akiapa kwa Mungu, povu likimtoka, na baba akimwambia apeleke viapo vyake kwa mabibo yake.

Mama alitoka jikoni, mikono ina unga.

"Mwachie," alimwambia baba. "Nimelichokonoa mimi, kwa shazia yangu ya kushonea mikeka."

Baba aliachia kola. Nadhani hakuelewa kwanza.

"Lilipokuwa linapiga kelele ulisema tutahama," mama alimwambia. "Liliponyamaza ukasema tutazoea. Mimi sizoei." Akamgeukia mjomba. "Na wewe kaka, miaka yote unamtemea mume wangu mifupa mbele ya wanangu. Leo nahama. Anayekuja na aje."

"Umemtisha mama yako mzazi," baba alisema polepole, "kwa ajili ya chumba Lindi?"

Mama alipangusa unga mikononi. Kutoka ndani tulimsikia bibi akinong'ona yale yale: nyamaza, wanapita.

Mjomba alitupa mpini chini.

"Nenda. Msichana mchukue. Mvulana habanduki hapa, huyu ndiye mrithi wangu."

Kaka yangu alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, sauti yake ndiyo kwanza inavunjika. Mama alimwita kwa mkono. Mjomba hakumwita, alimtazama tu. Kaka aliangalia mlango wa bibi.

"Nitabaki na bibi," alisema. "Hana mtoto mwingine wa kumshika."

"Nimekuzaa mimi!"

"Najua, mama. Lakini bibi hana mtu."

Mama alimkaribia, nikadhani atamkumbatia. Akampiga kofi.

"Basi baki. Na usije ukaniita mama tena, popote utakaponiona."

Neno hilo lilimtoka mbele ya kijiji kizima. Nilimwona akitaka kulirudisha na asijue pa kulishika. Kaka aliinamisha kichwa, akaingia ndani kwa bibi, akafunga mlango.

Tuliondoka jioni ile ile. Baba hakuiwasha pikipiki. Aliisukuma kwa mikono, mzigo wa samaki umefungwa nyuma, akapandisha kilima akihema, akapita kisima, akapita mashamba ya watu, mpaka tukafika barabara kubwa ambako mlio usingemfikia bibi. Mama alimfuata na bunda la nguo kichwani, mimi na sufuria. Hapo barabarani baba alitukazia kanga, akatuambia tushikane vizuri, na tukaenda Lindi kwa milipuko, watu wakikimbia vichakani njia nzima.

Chumba kilikuwepo, kama baba alivyoahidi, karibu na soko la samaki. Waliishi humo miaka mingi, wakigombana kwa sauti za chini. Baba hakumsamehe mama kwa ajili ya bibi, na mama hakumsamehe baba kwa kumfikisha huko. Bibi alifariki wakati wa masika. Habari ilitufikia ameshazikwa. Mama alikwenda hivyo hivyo, kwa miguu pale lori lilipokwama kwenye tope. Mjomba alimwonyesha kaburi, akampa mgongo muda wote aliokaa. Mama alirudi na udongo magotini, na kwa siku nyingi hakutaka kuoga.

Kaka alikua akawa mtu wa korosho. Kila msimu alishuka Lindi, na tulijua amekuja kwa kuwa watu wa soko walituambia. Alipita mtaa wetu bila kuingia. Mama alipomsikia akiongea na wachuuzi nje, aliacha alichokuwa akifanya na kusimama nyuma ya pazia mpaka sauti iishe.

Alikuja mama alipokuwa kitandani, hajiwezi. Nilimfungulia mlango mimi. Alikuwa na mvi tayari, na amefanana na mjomba hadi nikarudi nyuma hatua. Aliketi kwenye kizingiti, hakusogea ndani.

"Shikamoo," alisema. Akanyamaza hapo.

Mama aligeuza kichwa kwa taabu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sema lote."

Kaka alifungua mdomo. Machozi yalimtangulia, akafuta kwa kofia yake, akajaribu tena, na neno halikutoka. Alikaa pale kizingitini mpaka adhana ya magharibi, mkono wa mama ukining'inia kitandani kumwelekea. Mama alifariki alfajiri ya pili yake.

Ule ua haupo. Nilipita huko miaka ya karibuni. Pamejengwa nyumba za bati za watu nisiowajua, na mikorosho ya mjomba imekatwa mkaa. Hakuna hata aliyeweza kunionyesha kaburi la bibi. Walinionyesha manyasi, wakasema huenda ni hapa, huenda ni pale. Mimi na kaka tungali hai. Hupigiana simu sikukuu. Tunaulizana mvua, tunaulizana miguu, nani kafa. Halafu panakuja kimya, kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua, na siku zote ni mimi ninayetangulia kusema haya basi, kwaheri.