Nilibadilisha Vidonge vya Kaka, Kisha Nikasema Ni Ugonjwa

Nilibadilisha dawa ya kaka yangu. Si daktari aliyekosea, si shetani, si jirani mwenye husuda. Ni mimi, kwa mikono yangu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma kabla hujajua.

Sisi ni Wanubi wa Koboko, Uganda. Baba alifariki zamani, akatuacha na Mama. Kaka yangu mkubwa nitamwita Rajabu, ingawa si jina lake. Ni fundi baiskeli. Miaka michache iliyopita aliugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti, akazunguka mji bila viatu, akakataa chakula cha Mama akisema kimetiwa sumu. Tulihangaika huku na huko, mwishowe tukafika kliniki, akapewa vidonge vya kumeza kila jioni. Akapata nafuu, jamani! Akarudi kwenye spana zake, akawa anataniana na wateja kama zamani.

Ila dawa nayo ilikuwa na yake. Mikono ikaanza kutetemeka. Akawa anatembea kwa kuburuta miguu. Mara nyingine mate yalimtoka pembeni mwa mdomo bila yeye kujua.

Muuguzi alishatuambia tangu mwanzo: mkiona hivyo msikae kimya, njooni. Dozi inaweza kupunguzwa, au kuna dawa nyingine ya kutuliza hayo. Lakini msiikatize wenyewe, hata akionekana mzima. Nilisikia kwa masikio yangu mawili, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nachukua vidonge na kumpa kila siku baada ya magharibi.

Basi nikapata mchumba, kijana wa Arua mjini. Kwetu, baba akiwa hayupo, kaka ndiye walii. Anakaa mbele ya imamu, anamshika bwana harusi mkono, anatamka kwamba anamwoza dada yake, na watu wote wanatazama ile mikono miwili. Imamu alimhoji Rajabu, akaridhika. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Aibu ilikuwa yangu peke yangu.

Siku shangazi za mchumba walipokuja kututazama, Rajabu alisema lazima awahudumie wageni yeye mwenyewe. Akashika birika. Chai ikamwagika kwenye sinia, vikombe vikagongana, tone la mate likaanguka kwenye kanzu yake nyeupe. Shangazi mmoja akamwinamia mwenzake, lakini sauti hakuipunguza.

"Mukono ya namna hii ndiyo itashika mukono ya kijana yetu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Rajabu alisikia. Alitabasamu tu, akafuta kanzu kwa kiganja.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekwenda kliniki, si ndiyo? Mimi sikwenda. Niliona kliniki watanichelewesha, watasema tujaribu hivi, turudi baada ya wiki mbili, na nikahi ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Nikanunua vidonge vya kalsiamu, vyeupe, vidogo, nikavitia kwenye kopo lake. Vile vya kweli nikavificha ndani ya sanduku la nguo zangu za harusi. Nikajiambia ni mwezi mmoja tu, mtu hafi kwa mwezi mmoja. Mjinga mimi!

Na shetani alivyo fundi, mambo yakanyooka kwanza. Baada ya siku kadhaa mikono ikatulia. Akatembea kwa hatua ndefu. Uso wake ukafunguka, akaimba akiziba pancha. Mama alisujudu akilia kwa furaha, akasema dua zake zimejibiwa. Nami nikaitikia amina. Wallahi, niliitikia!

Wiki ya tatu, tumeketi mkekani baada ya magharibi, mimi, Mama na baba yetu mdogo. Nikampa Rajabu kidonge na maji. Hakumeza. Alikiweka kwenye kiganja, akakisogeza karibu na taa.

"Dada," alisema taratibu, "hii dawa hapana yangu. Yangu iko na mustari katikati. Hii haiko na mustari."

Sote tulikumbuka ile sumu ya kwenye chakula. Mama akashika kichwa. "Imerudi," alisema. "Yarabi, ugonjwa imerudi na harusi iko wiki kesho!"

Baba mdogo akasema, "Meza dawa, Rajabu. Mutu yoyote hapana badilisha kitu hapa."

Rajabu hakuwatazama. Alinitazama mimi. "Dada, wewe ndiyo unaleta dawa. Wewe sema."

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Neno moja tu! Mlango wa chumba changu ulikuwa hatua nne kutoka pale, na sanduku liko ndani. Nikafungua kinywa, nikasema, "Kaka, dawa ni ile ile. Ni ugonjwa ndiyo inakuambia hivyo."

Aliendelea kukitazama kile kidonge. Niliona jinsi alivyokuwa akishindana na macho yake mwenyewe. Kisha akakimeza, akasema, "Basi kichwa yangu iko na makosa. Nisamehe, dada."

Yaani yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Nikahi ilipita vizuri. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Zile picha sijawahi kuzitundika.

Siku chache baada ya mimi kuhamia Arua na sanduku langu, vidonge vya kweli vikiwa bado ndani, Mama alinipigia simu akilia. Rajabu hakuwa amelala siku tatu. Alikuwa amezivunja baiskeli za wateja akitafuta sauti zilikojificha, kisha akashika barabara ya mpakani upande wa Kongo. Vijana walimkamata, wakamfunga kamba kwa sababu hawakujua namna nyingine. Alifikishwa hospitali ya Arua juu ya pikapu, vifundo vya mikono vimechubuka hadi nyama nyekundu.

Daktari akauliza kama alikuwa akimeza dawa. Mama akajibu kwa imani yake yote, "Kila siku. Binti yangu hapana kosa hata siku moja." Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza tena! Kwa hiyo daktari akaona dozi ile haitoshi, akaongeza. Angefanya nini na hakuambiwa kweli?

Sauti zikatulia, akaruhusiwa kurudi Koboko. Nilikwenda kumwona siku chache baadaye. Nilimkuta ameketi akiegemea ukuta, shingo imepinda kabisa upande mmoja, taya limekaza, macho yametazama dari, ulimi mzito. Hali hiyo ilimwanza asubuhi, na sasa ilikuwa alasiri. Mama alidhani analeta dhikri zake. Rajabu hakuwa amemwambia mtu yeyote!

Tukamkimbiza kliniki kwa bodaboda. Muuguzi alimwona tu akajua. "Hii ni dawa imemushika," akasema, akamchoma sindano. Haikupita nusu saa, shingo ikalegea. Kisha akamuuliza, "Sasa wewe mutu mukubwa, unaumia hivi tangu asubuhi, kwa nini hapana sema?"

Rajabu alijibu bila hasira. "Nilijua ni ugonjwa tu inanidanganya. Muulize dada. Yeye ndiyo anajua gani iko kweli na gani iko ugonjwa."

Ole wangu! Nikamvuta muuguzi pembeni nikamweleza yote, kopo, kalsiamu, sanduku. Hakunigombeza. Alimpigia daktari, dozi ikashushwa, akaongezewa dawa ya kuzuia shingo kukaza. Akaniambia, "Ya dawa tumetengeneza. Ile ingine utatengeneza wewe."

Nilimwambia mume wangu. Alisikiliza hadi mwisho. Alipougua malaria juzi, alimeza vidonge vyake mwenyewe na vilivyobaki akavitia mfukoni mwa shati.

Kisha nikamwambia Rajabu. Nilipiga magoti mbele yake karakanani, mikono yake ikiwa na grisi, nikasema: kaka, macho yako yaliona sawa. Mimi ndiye niliyebadilisha. Nilikudanganya.

Aliniinua. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Hapana, dada," alisema. "Usijitie makosa kwa sababu yangu. Ile ilikuwa ugonjwa. Wewe mwenyewe ulisema."

Nikaapa. Akacheka kidogo, akarudi kwenye gurudumu lake. Nimerudia mara tatu tangu siku ile, na mara ya mwisho alimwambia Mama anitazame vizuri, huenda ugonjwa wa akili umeanza kunishika na mimi.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mtu nyumbani anayemeza dawa hizi, usimkatizie, usimpunguzie, usimbadilishie, hata kwa mapenzi. Akitetemeka, akikaza, akitokwa mate, mpeleke kwa waliompa dawa wamtazame. Na akikuambia kuna kitu hakiko sawa kwenye dawa yake, tafadhali kaikague kwanza kabla hujamwita mgonjwa. Mimi niliyemwita mgonjwa ndiye niliyekuwa naongopa, na sasa hakuna kiapo changu kinachoweza kumrudishia macho yake.