Mutoto aliyebeba sauti za watu, yake ikapotea

Wakuu, hodi humu ndani. Mimi ni koko, mwanamuke mwenye wajukuu, nasoma nyuzi zenu kila siku bila kusema kitu. Leo kuna mumoja ameuliza kama kipaji cha mutoto kifuatwe mapema ama aachwe akue kwanza.

Nitamujibu kwa jambo lililopita kwetu Bukavu. Nilisoma hadi ya tatu primaire, mutavumilia uandishi. Lakini chumvi siongezi.

Nianze na waliokuwepo.

Ilikuwa siku ya tatu ya kilio cha musiba wa mudogo wangu Cirhuza, kwake, mutaa wa Muhumba. Nyuma ya nyumba tulikuwa wane: mimi, Nabintu mujane wa Cirhuza, Espérance binti yangu wa pili, na Papa Bashige, jirani aliyeongoza maombi ya kilio. Wa tano ni Nsimire, mutoto wa Espérance, miaka munane. Yeye alikuwa ameingia ndani kuleta ungo.

Saa kumi hivi, jua bado iko. Tulikuwa tunachambua maharagi.

Huyu Nsimire tangu miaka mine alikuwa anaiga. Kuku. Pikipiki ya jirani ikikataa kuwaka. Padri akisafisha koo mbele ya Injili. Tulicheka hadi machozi, tukamuambia rudia. Hakuna aliyefikiri kile ni kitu cha kumutafutia mwalimu.

Sasa tukasikia kutoka ndani kikohozi mara mbili, kisha: "Bon. Nabintu, mbuzi umeifunga?"

Ile ilikuwa sauti ya Cirhuza. Sisemi ilifanana. Ilikuwa yake.

Nabintu akajibu bila kuinua kichwa, "Nimeifunga, papa." Kwetu bwana akiita, bibi anaitika kwanza, kufikiri kunakuja nyuma. Kisha maharagi yakamwagika kutoka mikononi mwake.

Nsimire akatokea na ungo. Akatuangalia. "Nimekawia?"

Papa Bashige akasema, "Huyu mutoto iko na mutu ndani. Apelekwe kwa maombi leo leo."

Espérance akamujibu, "Papa Bashige, iko na masikio tu. Yako inasikia hata bugali ikiiva."

Hata mu kilio tulicheka kidogo. Nabintu hakucheka. Alinishika mukono: "Dada, uniachie huyu mutoto. Saa kumi tu, kila siku."

Espérance akakataa. Lakini yeye anashinda ofisini, mutoto anashinda kwangu. Mimi mukubwa wa familia nikasema ndiyo, bila kumuuliza tena mama yake.

Hapo ndipo nilikosea.

Kila siku Nabintu alipakua sahani ya samaki sambaza, akavuta rido, Nsimire akakaa nyuma ya lile pazia. Mujane anauliza, Cirhuza anajibu. Mambo ya mbuzi, ya paa inayovuja. Nabintu akaanza kula tena, akaanza kujipaka mafuta. Nikajiambia, kuna ubaya gani?

Wiki ya pili Cirhuza akaeleza mupaka wa shamba aliloliuza mbele Nsimire azaliwe.

Njiani nikamuuliza mutoto nani alimuambia.

"Hakuna, koko. Nikiingia mu sauti, nakuta maneno mule."

Nilipaswa kusimamisha siku ile. Sikusimamisha.

Asubuhi moja nikamuita akuje anawe uso. Akaitika Cirhuza.

Nikasema, acha muchezo, jibu na yako. Akajaribu. Ikatoka ya mwalimu wake. Ikatoka yangu. Ikatoka ya kuku. Akaanza kulia, na kile kilio kilikuwa cha Nabintu. Mwishowe akachukua daftari akaandika: Koko, yangu iko wapi?

Naomba nitoke kidogo nje ya stori. Mimi Mungu alinipa kukumbuka majina. Nikiwa mudogo nilitaja watu wa kilima chetu nyumba kwa nyumba, pamoja na waliokufa. Baba alinitembeza kwenye kesi za mashamba nitaje nani alizaa nani, kisha akanitoa shuleni, eti kichwa imeshajaa. Leo kile kipaji kinanisaidia kujua nani hakukuja kwenye kilio. Basi.

Niliposoma ile daftari niliona nimefanya kama baba.

Nikamupeleka kwa Maman Odette, maîtresse anayefundisha korali ya watoto kuimba. Alisikiliza zile sauti zote, hakufanya alama ya musalaba. Alimufunga Nsimire kitenge kwenye mbavu, akakaza, akamuweka uso kwenye ukuta. "Imba aaa. Sauti ya watu wengine inakaa huku," akaniambia, akigusa koo. "Yake itatoka pale kitenge inamuuma."

Tulienda wiki nyingi. Sauti zilitoka moja moja, za wazima na za wafu. Maman Odette anauliza tu, "Huyo nani?" Mutoto anaandika jina. "Aende. Mwingine."

Siku moja ya mvua ikatoka nyembamba, yenye kukwaruza. Mimi ninayejua watu wote sikuijua.

"Huyo nani?"

Nsimire akatikisa kichwa.

"Basi ndiye wewe," Maman Odette akasema, akaanza kumufungua kitenge.

Nilipomuambia Nabintu imekwisha, alisema, "Umeniulia bwana mara ya pili." Hadi leo hanisalimii. Espérance naye, tunakaa lupango moja, ua mumoja, alibaki ananisalimia kama mutu wa ofisi. Bonjour, bonsoir.

Nsimire leo iko na miaka kumi na mine. Anaimba solo, anafundisha wenzake sauti zote ine za korali. Za watu aliacha. Ndivyo nilivyoamini.

Mwezi uliopita nilienda Lwiro, nikalala huko Jumamosi na Jumapili. Sikumuaga Espérance, ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Jumatatu nikirudi akanishika mikono yote miwili.

"Maman, asante kwa maneno ya jana. Ulisemea nyuma ya mulango, lakini nilisikia. Kwamba mutoto alikuwa wangu, na ulipaswa kuniuliza."

Miaka sita yale maneno yalikuwa yananikaa kifuani. Sikuwahi kuyasema kwa mutu.

Nikamufuata Nsimire jikoni, alikuwa anamenya ndizi. Nikamuuliza. Hakunijibu na yake. Alinijibu na yangu, pamoja na pumu yangu: "Si ulikuwa unatafuta namna ya kumuambia?"

Espérance sijamuambia. Siku hizi anakuja kunywa chai kwangu.

Somo langu ni hili, wakuu. Kipaji cha mutoto mutafutieni mwalimu mapema. Musipofanya, wenye njaa watakitumia, hata kama ni njaa ya upendo. Na hata akifundishwa, musifikiri mumekijua chote.

Wenye watoto wa namna hii semeni, nitasoma zote. Na kama kuna aliyekuwa kwenye kile kilio anayekumbuka tofauti, anisahihishe. Majina nina hakika. Yale maneno ya mulangoni, kila siku nakumbuka zaidi kwamba niliyasema mimi.